Mfanyakazi Mpya Namba Kumi na Saba

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika nami nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mwanao, mara ya pili kama mwalimu. Makosa ni mawili tu. "Gundi" haina h. Na "kiwanda" ni neno moja, usilikate katikati hata kama karatasi imekuishia. Huu ni mwaka wa nane tangu tuanze masomo yetu pale mezani kwako, na sahihi yako sasa inaipita yangu kwa uzuri. Mkia wake, ule tunaouita wa mjusi, umekaa sawasawa, umejikunja kurudi chini ya jina kama tulivyokubaliana. Wa kwako na wa kwangu ni mmoja, ili mtu akitughushi tujuane.

Nina jambo ambalo sikutaka kulisema kwenye simu, kwa sababu simu yetu ni ya magonjwa na mvua. Unajua nilivyokaa miezi sita katika ofisi hii nikipanga majalada. Sasa nimepewa kazi yenyewe. Serikali inaanzisha mpango. Mwenye kiwanda akiajiri mtu mpya, atapewa ruzuku ya kumfundisha kazi miezi mitatu, na kodi yake itapunguzwa. Mtu huyo akiwa kijana wa chini ya miaka thelathini na mitano, punguzo linakuwa mara mbili. Tulikaa siku nzima katika chumba chenye meza nne na dirisha moja, kila mtu ana maoni yake juu ya punguzo. Hakuna aliyeweza kusema "mtu mpya" ni nani. Mkuu wa kitengo akanigeukia, akasema wewe uliyesoma sana, nenda kaandike.

Niliandika nikikuwaza wewe. Miaka ishirini na miwili unashona viatu bila karatasi hata moja yenye jina lako. Kwa hiyo niliandika kwamba mfanyakazi mpya ni yule ambaye hakuwa na mkataba wa maandishi na mwajiri wake kabla ya tarehe moja Machi. Unaona? Mzee Soli, mwenye kiwanda chenu, akikupa mkataba, anahesabiwa kuwa ameunda ajira. Ana sababu ya kukuandikisha hatimaye. Niliongeza sentensi ya pili, kwamba miaka ambayo mtu amefanya kazi bila mkataba itahesabiwa ndani ya utumishi wake. Mkuu akaikata hiyo. Alisema inarefusha fomu. Sikubisha, maana ya kwanza ilikuwa imebaki, na nilikuwa na furaha.

Karatasi ikija, isome kabla ya kusaini. Polepole, kidole chini ya mstari.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Sisi hatujambo, goti tu ndilo linalotabiri mvua kuliko redio.

Karatasi imekuja. Tarehe moja Mzee Soli alisimama juu ya kreti akatuhutubia. Unakumbuka kwa nini tunamwita hivyo: mbele ya wakubwa yeye ni soli, mbele yetu ni kisigino. Siku hiyo alikuwa laini mpaka tukaogopa. Alisema serikali imetukumbuka, na kuanzia leo sisi ni watu wenye maandishi. Nimepewa mkataba wenye jina langu lote na muhuri wa bluu. Nimeutia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko nimeuweka chini ya godoro, upande ninaolala mimi.

Nilisaini karatasi mbili. Moja ni huo mkataba, ya pili ni mambo ya kawaida ya ofisi. Mkia wa mjusi niliuweka pote pawili na karani akauliza ni urembo gani huo. Nikamwambia ndio usomi wenyewe.

Wenzangu wanakushukuru. Sikuwaambia kuwa sentensi ni yako, nilisema tu ninaye mtu huko juu, wakacheka, wakasema kila mtu ana mtu huko juu ila shingo ndiyo fupi.

Hivi mwaka huu una miaka mingapi, ishirini na tisa au thelathini? Nauliza tu. Mtu akizeeka huhesabu umri wa watoto.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ishirini na tisa. Na makosa hayakuwapo, hata moja.

Mpango umefanikiwa kupita tulivyotarajia. Kila asubuhi majalada mapya yanaletwa kwa toroli. Mkuu huyapitia mwenyewe. Ana tabia ya kulamba kidole kila anapofunua ukurasa, si kukigusisha ulimi, ni kukilamba, na mimi ninayekaa mbele yake nasikia. Kurasa anazonipa zina pembe zenye unyevu. Nimejifunza kuzishika katikati.

Jana niliona orodha ya mkoa wenu. Kiwanda chenu kimeandikisha wafanyakazi wapya thelathini na wanane. Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu nikaanza kuwatafutia mahali pa kukaa. Ukumbi huo naujua, Shangazi. Nilifanya hesabu zangu za shule chini ya meza yako, kwenye vipande vya ngozi, nikihesabu miguu. Meza tano ndefu, viti arobaini, na dirisha lisilofunguka kwa sababu ya kabati la kalibu za kuumbia viatu. Mlikuwa watu kama arobaini. Mkiongezewa thelathini na wanane mmekuwa karibu themanini. Viti vimetoka wapi? Wanakaa wapi?

Nauliza kwa sababu mwezi wa tano tutakuja kuhakiki, na nataka nikute kila kitu kimekaa vizuri kwako.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Maswali yako ya viti yamenichekesha. Tangu utoto wako ni kuhesabu tu, hata watu wakiwa msibani unawahesabu. Tunabanana. Wapya huja mchana, sisi wa zamani asubuhi. Kiti hakichoki.

Acha nikupe kichekesho. Ile ruzuku ya mafunzo imeleta mwalimu. Ni mpwa wake Mzee Soli, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anavaa shati jeupe kila siku katika ukumbi wa gundi na rangi, kwa hiyo unajua kabla hajafungua mdomo kwamba hana atakachogusa. Tunamwita Shati Jeupe. Anawafundisha wale wapya kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Siku ya kwanza aliushika kama kalamu. Akawaambia wautumbukize wima, wakatumbukiza wima, na mmoja akatoboa meza. Mama wa meza ya tatu akauliza, mwalimu, sasa hii meza nayo tuivalishe soli?

Akakasirika. Akatunyang'anya ngozi, akatuambia kazi yetu haina mstari, akatukalisha tuchore mistari kwa chaki mpaka saa ya kutoka. Tumechora mistari, mwanangu, kama watoto wa chekechea.

Basi ndiyo hivyo. Usije na makaratasi mengi, njoo ule, ulale.

Shangazi yako


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii kosa ni moja, nami nalitaja kwanza kwa sababu masahihisho hunituliza. Umeanza na "anawafundisha". Ukaendelea na "wakatumbukiza". Mistari michache chini yake umeandika "akatunyang'anya", "akatukalisha", "tumechora". Wapya wamegeuka kuwa sisi katikati ya barua.

Nimelifungua jalada la kiwanda chenu. Ukurasa wa kumi na saba una picha yako, ile uliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, umefunga kitambaa. Pembeni mwa shavu lako kuna doa la mate. Mkuu alishapita hapo na kidole chake. Chini ya doa kumeandikwa: mfanyakazi mpya namba kumi na saba. Umri, miaka thelathini na mmoja. Ujuzi kabla ya mafunzo, hana.

Hana. Nusu ya shule za mji ule zimetembea juu ya mishono yako.

Una miaka hamsini na mitatu, Shangazi. Kwa hesabu ya jalada hili umenizidi miaka miwili. Ina maana siku uliyonichukua, ukanishika mkono kunipeleka darasa la kwanza, nilikuwa na miaka saba na wewe ulikuwa na tisa. Tungekaa dawati moja.

Nyuma ya picha nimeikuta ile karatasi ya pili uliyoiita mambo ya kawaida ya ofisi. "Mimi ninayeweka sahihi hapa chini sijawahi kufanya kazi katika kiwanda hiki, kwa namna yoyote, kabla ya tarehe moja Machi." Na chini yake, mkia wa mjusi, umejikunja vizuri kabisa.

Nilikwenda chooni nikatapika. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikiangalia vigae, nikaona kwamba sentensi niliyoiacha ikatwe ndiyo ingekuokoa, na ile niliyoifurahia ndiyo kisu. Nikanawa uso nikarudi kwa Mkuu. Nikamwambia hawa si watu wapya, ni walewale. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyegundua kwamba nyama hutoka kwa ng'ombe. "Sentensi ni yako, binti," akasema. "Sisi tunaifuata tu." Akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kumi na nane.

Walikudanganya. Waliweka maneno marefu wakijua hutayafikia mwisho. Nitaandika ripoti, na nitaanza na ukurasa wako.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Makosa yangu umeyaona, sasa ngoja nikuoneshe lako.

Umeandika kwamba walinidanganya. Hawakunidanganya. Niliisoma.

Mzee Soli alitupa nusu saa. Karatasi ni moja kwa kila mtu, maneno ni yaleyale, na katika ukumbi ule anayesoma bila kukwama ni mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Basi wenzangu wakanipa mimi niwasomee. Nilisimama nikasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari kama ulivyoniambia. Nilipofika "kwa namna yoyote" nilikwama, nikarudia. Hakuna aliyeuliza maana. Mama Pacha peke yake ndiye aliyesema yeye amezaa watoto wawili akiwa na kazi hii, na hawezi kusaini kwamba hakuwapo. Jina lake likafutwa ubaoni palepale, chaki ikamwagikia kichwani mwake. Sasa anafua nguo za watu.

Wengine walinitazama mimi. Nami nikasaini wa kwanza. Wakasaini kwa sababu mimi msomi nimesaini. Kama umekosa wa kumtapikia, anza na mimi, maana mimi kila siku najianza.

Hiyo ripoti usiiandike. Nakuomba na nakukataza. Ukiandika, ruzuku inarudi ilikotoka, Mzee Soli anafunga mlango, na watu thelathini na wanane wanakuja nyumbani kwangu kuniuliza mwanangu alikuwa na njaa gani. Mwanangu, ukweli wako una mshahara mwisho wa mwezi. Wangu una mlango wa kutokea tu. Na mimi kwa umri wangu wa kweli, si huo wa jalada, nani ataniajiri?

Tumeshaambiwa mnakuja Alhamisi ya tarehe kumi na nne. Tuko kwenye mazoezi. Unataka kujua mazoezi ya nini? Ya kukosea. Shati Jeupe amegundua kwamba tunashona vizuri mno kwa watu wa miezi miwili na nusu, basi ametugawia makosa. Namba moja hadi kumi washone kombo. Kumi na moja hadi ishirini wasahau kufunga fundo. Waliobaki wajidunge kidogo, si sana, damu isiguse ngozi. Mimi nimepewa fundo, na kwa kuwa nakaa mbele, nimeongezewa na ukombo. Nakaa pale nashona kombo, nikitupa jicho pembeni mkono unanyoosha wenyewe, ananipigia meza, naanza upya. Sijawahi kuchoka hivi nikishona sawasawa.

Njoo, ukague, uondoke. Funika kombe mwanaharamu apite.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nitakuja na Mkuu. Mimi ndiye nitakayejaza fomu za mahojiano, na kila fomu ina sahihi yangu. Hatujuani. Nitakuita mama na wewe utaniita mheshimiwa.

Swali la tano ni "Umeanza kazi hapa lini?" Nitaliuliza kwa sauti kwa sababu Mkuu atakuwa amesimama nyuma yangu. Nisamehe kwa sauti hiyo kabla hujaisikia.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia ulichokiona mwenyewe, kwa sababu wewe ulikiona umesimama na mimi nilikiona nimekaa.

Mliingia na harufu ya sabuni. Mkuu wako alifunika pua kwa leso, halafu akaitumia leso hiyohiyo kushikia soda. Tukasimama, tukaimba salamu tulizofundishwa, tukakaa. Nikaanza kushona kombo. Nilikuwa nimejiapiza nitashona kombo mpaka mtoke nje ya geti, na ningeweza, wallahi ningeweza. Ila yule Shati Jeupe alipoona mmefika mezani kwangu, akaja nyuma, akanishika mkono wa kulia na mikono yake miwili laini kama mkate uliolowa. Akausogeza msharasi. "Hivi, mama," akasema. "Polepole. Utazoea."

Nikakutazama. Ulikuwa umeinamisha uso kwenye fomu.

Basi mkono ukanitoroka. Sikuuamuru. Uliuchomoa msharasi kwake, ukachukua ngozi mpya, ukashona ngozi ya juu nzima, kisigino hadi kidole, mishono midogo iliyolingana kama punje za hindi, nikafunga fundo lisiloonekana, na Mkuu wako alikuwa hajamaliza soda. Nilisikia kitu cha kijinga moyoni mwangu kikisema, sasa wameona. Hakuna mtu anayejifunza hivi kwa miezi miwili na nusu. Sasa hata kipofu ameona.

Na Mkuu wako akapiga makofi.

"Miezi miwili na nusu tu," akasema. "Haya ndiyo matunda ya ruzuku." Akampa mkono Shati Jeupe. Shati Jeupe akainama. Mzee Soli akafuta jicho, sijui machozi ameyatoa wapi. Wakasema nitapewa cheti cha kijana bora wa mafunzo na picha yangu itawekwa getini. Kilemba cha ukoka nimevishwa mchana kweupe, mbele ya mwanangu. Miaka yangu ishirini na miwili ilitoka mwilini ikasimama mezani, na wao wakaichukua wakampa yule mtu mwenye mikono ya mkate.

Kisha ukaniuliza lile swali. Ulinionya kuhusu sauti, lakini sauti haikuwa mbaya. Sikukujibu. Nilikata uzi kwa meno, nikakaa. Kalamu yako ikaandika hata hivyo, haikusita. Nilijua inaandika nini, maana ndicho nilichokuomba. Lakini kukiomba kitu usiku na mchana ni jambo moja, na kumwona mtoto uliyemlea akikiandika ni jambo jingine. Nilikuonea kinyaa, mwanangu. Nasema kweli. Nilikaa nikiwaza, huyu nimemfundisha mimi.

Halafu nikakumbuka kwamba kweli nimekufundisha mimi.

Usijibu upesi.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sikujibu upesi.

Nimehamishwa. Niko stoo ya majalada ya zamani, chini ya ngazi, pamoja na mzee mmoja anayesikiliza redio bila sauti. Hakuna dirisha. Faida ni kwamba hakuna anayelamba kidole. Majalada ya huku hayafunuliwi na mtu. Usiniulize sababu ya kuhamishwa, ofisi huhamisha watu kama viti.

Kuhusu ulichokiona Alhamisi ile, sina la kujitetea. Ulikuwa na haki ya kinyaa chako.

Niambie kitu kimoja tu. Kazi yako ipo? Kama ipo, inatosha.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Kazi ipo. Ngoja nikueleze na mengine yaliyopo.

Cheti kimeletwa. Kimewekwa getini ndani ya kioo, na chini ya cheti wametundika ile fomu yangu ya mahojiano, iliyokuzwa, ili wageni wasome mfano wa mafanikio. Nimepita hapo siku tatu bila kuitazama. Siku ya nne mvua ilinizuia chini ya kibaraza, na mtu aliyezuiliwa na mvua husoma chochote.

Nikaisoma, kidole juu ya kioo. Jina, langu. Umri, thelathini na mmoja. Swali la tano, umeanza kazi hapa lini: tarehe moja Machi mwaka huu. Ndivyo nilivyojua itakuwa. Mwisho, sahihi ya mhakiki. Jina lako lote, herufi zako, ule mlalo wako wa kushoto. Nikataka kutema mate, nikajizuia kwa sababu kioo ni cha kampuni.

Halafu nikautazama mkia.

Mwanangu, ule si mjusi. Mjusi mkia wake unajikunja unarudi chini ya jina. Ule umetoka umeelekea juu, umesimama. Ule ni mkia wa mbuzi. Nilisogea, nikafuta ukungu kwa kanga, nikatazama tena. Miaka minane nimechora mkia ule kila jioni, kwenye gazeti, kwenye kipande cha ngozi, kwenye vumbi la meza. Naujua kuliko uso wangu. Mkono ulioandika pale si wako.

Nilisimama mpaka mvua ikaisha. Nikaipanga polepole, kama unavyonipangisha herufi. Kama wameandika fomu nyingine, basi ya kwanza ilikuwa na neno wasilolitaka. Kama ilikuwa na neno wasilolitaka, basi siku ile kalamu yako haikuandika nilichokuomba. Nilikata uzi kwa meno, nikanyamaza, na wewe ukaandika jibu ulilolipata mikononi mwangu. Ndiyo maana uko chini ya ngazi.

Nilikuomba uongo, ukaninyima. Kisha ukaniacha niamini kwamba umenipa, ili nisiogope. Na mimi nikakuandikia barua ile. Isome tena kama lazima, kisha uichome.

Sasa nisikilize, nami sikuombi ruhusa. Mimi ndiye niliyewasomea wenzangu karatasi ile nikasaini wa kwanza. Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, na leo saa ya chakula nimesimama palepale niliposimama siku ile, nikawasomea kwa sauti. Mama wa meza ya tatu akaniambia, dada, utatuua. Nikamwambia tumeshakufa, tarehe moja Machi, sahihi zipo. Hakuna aliyesaini pamoja nami. Hakuna aliyeninyang'anya kalamu pia. Nikitoka kazini nitampitia Mama Pacha, na kesho asubuhi tunaipeleka sote wawili.

Nakunakilia hapa chini. Makosa yakiwamo, usinirudishie. Yaache kama yalivyo.

Shangazi yako


Kwa Ofisi ya Kazi. Nakala kwa mwenye kiwanda.

Mimi ninayeweka sahihi hapa chini nina miaka hamsini na mitatu. Nilianza kazi katika kiwanda hiki miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya Jumatatu, nikiwa nimemwacha shuleni mtoto wa ndugu yangu aliyekuwa anaanza darasa la kwanza. Sijaacha kazi hata siku moja tangu hapo, ila siku tatu za kumzika mama yangu. Mwezi wa tatu nilisaini karatasi inayosema kwamba sikuwahi kuwapo. Sikulazimishwa kwa fimbo, na niliisoma yote kabla ya kusaini. Uongo ule nauchukua, ni wangu pamoja na wenu.

Fomu iliyotundikwa getini si ya mhakiki aliyenihoji. Itafuteni yake, mtakuta humo miaka yangu.

Na mkitilia shaka kama barua hii ni yangu, tazameni mkia.